Udhuru wa Pumzi

Mtu mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, akiwa ameketi, ni vigumu kumtofautisha na mzima. Anaongea, anacheka, anakula, anaitikia salamu za wapita njia. Ugonjwa unajitokeza pale anaponyanyuka na kuanza kupanda, na katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, hasa upande wa Ngara, kupanda hakukwepeki. Nyumba ziko migongoni mwa vilima, maji yako bondeni, migomba na kahawa viko mteremkoni, na makanisa mengi yalijengwa juu yapate kuonekana. Mwanamke anayeteremka kwenda kuteka maji na ndoo tupu hapati taabu. Taabu iko kwenye kurudi, lita 20 zikiwa kichwani. Baada ya hatua chache anasimama, anatua ndoo, anainama na kushika magoti, anatoa pumzi kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza kuni mbichi. Anayemkuta hapo hana haja ya kuambiwa kwamba huyu ni mgonjwa. Anayemkuta nusu saa baadaye, amekaa barazani anachambua maharage, haoni kitu, na mara nyingi ndiye anayetoa hukumu: mvivu.

Hukumu hiyo inagusa swali la dini na falsafa lenye umri mkubwa kuliko hospitali zote za mkoa huo. Uwezo wa mtu unajulikanaje, na ni nani mwenye haki ya kuusemea? Kwamba asiyeweza halaumiwi, ni jambo ambalo mifumo ya maadili yenye uzito haibishani nalo. Immanuel Kant alishikilia kwamba wajibu hauna maana pasipo uwezo wa kuutimiza. Sheria ya Kirumi, na baada yake sheria ya Kanisa, zilikataa kumfunga mtu kwa lisilowezekana. Mwisho wa sura ya Al-Baqara unafundisha kwamba Mungu hamtwishi mtu mzigo uliomzidi nguvu. Kanuni, basi, haina mgogoro. Mgogoro uko kwenye ushahidi. Kipofu anaonekana, aliyekatika mguu anaonekana. Mwenye pumzi fupi haonekani mpaka atembee, na akishaanza kutweta husimama, na akisimama kwa muda hurudi kuwa kama watu wengine.

Katika Tanzania ya ujamaa jambo hili lilikuwa na makali yake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaka kila mtu aishi kwa jasho lake, na likawatoa katika lawama ya unyonyaji watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao serikali yenyewe haijaweza kuwapatia kazi. Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo Katoliki la Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996 (leo ni Jimbo la Rulenge-Ngara), aliyachukulia mafundisho hayo kwa uzito kuliko viongozi wengi wa dini wa wakati wake. Alikwenda kuishi na kulima pamoja na watu wa kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akihubiri kwamba waumini wamefunuliwa Utatu Mtakatifu ili waige ushirika wake, wala si ili wachoshe akili kuutegua. Lakini mahali ambapo kushiriki ni kushika jembe, asiyeshika jembe ana kesi ya kujibu. Orodha ya Azimio ni ya haki, ila imewataja watu ambao jicho linawatambua. Mwenye mapafu mabovu ana umri wa miaka 45, ana mikono miwili na miguu miwili, na hayumo katika orodha. Mwaka 1983 ilipopitishwa Sheria ya Nguvu Kazi, iliyowalenga wazururaji na wasio na shughuli, ushahidi ulibaki kuwa uleule wa macho.

Onyo la Mtume Paulo kwa Wathesalonike lilisikika sana majukwaani katika miaka hiyo, mara nyingi likiwa limefupishwa. Kaulimbiu ilimnyima chakula asiyefanya kazi. Paulo alimnyima asiyetaka kuifanya. Mgonjwa wa mapafu anaishi kwenye nafasi iliyo kati ya hizo mbili. Anataka, na pengine anataka kupita kiasi, kwa kuwa anajua anavyosemwa. Kumhukumu kwa haki kunadai kujua kinachomzuia, na hapo swali linalazimika kupitia mwilini kabla ya kurudi msikitini na kanisani.

Maradhi yanayohusika ni ya kawaida vijijini. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu. Mtu anaweza kumaliza dawa za miezi 6, akaandikiwa kwamba amepona, na kweli vimelea wakawa wamekufa, huku sehemu ya pafu ikibaki na makovu na mashimo yasiyofanya kazi tena. Moshi wa kuni ni chanzo kingine: jiko la mafiga katika chumba chenye tundu moja, kuni zilizoloa masika, maharage ya saa tatu, na mtoto mgongoni mwa mpishi. Kwenye machimbo madogo ya dhahabu upande wa Biharamulo kuna vumbi la mawe. Sigara ipo pia, ingawa katika vijiji hivi si lazima ihusike kabisa. Mwaka 2012, katika wilaya ya Masindi nchini Uganda, watafiti walipima watu wazima wenye umri unaozidi miaka 30 na kukuta asilimia 16.2 wana ugonjwa sugu unaoziba njia za hewa. Wanawake hawakuwa nyuma ya wanaume. Utafiti mwingine uliofanywa vijijini Tanzania na kuchapishwa 2018 ulikuta asilimia 17.5 kati ya watu wa miaka 35 na kuendelea. Wengi mno kati yao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtaalamu yeyote kwamba wanaumwa. Walikuwa wameambiwa mengine.

Watu wengi, wakiwemo baadhi ya wahudumu wa afya, hudhani tatizo la mgonjwa huyu ni hewa tu: njia zimebana, hewa haipiti, basi. Hiyo ni nusu ya habari. Kazi ya mapafu ni kukutanisha vitu viwili, hewa na damu, na ugonjwa unaweza kuharibu upande wowote wa makutano hayo. Nusu ya pili, ile ya damu, ndiyo inayoeleza kwa nini wagonjwa wawili wenye kipimo kilekile cha hewa wanaachana mlimani, mmoja akifika kileleni na mwingine akikwama kwenye kona ya kwanza.

Inafaa kujua kwamba mwendo wa damu kupitia mapafu uligunduliwa na watu wa dini. Kwa zaidi ya miaka elfu moja tiba ilimfuata Galen, aliyedhani kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo hadi wa kushoto kupitia vitundu visivyoonekana ukutani. Mwaka 1242 Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa Damascus na kufanya kazi Cairo, aliandika katika ufafanuzi wake wa kazi ya Ibn Sina kwamba ukuta huo ni mzito na hauna tundu; damu haina budi kwenda mapafuni, ikutane na hewa, kisha irudi upande wa kushoto. Ibn al-Nafis alikuwa pia mwanazuoni wa sheria wa madhehebu ya Shafii, yaleyale yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki. Alifariki 1288. Miaka 265 baadaye Mhispania Michael Servetus, tabibu na mwanateolojia, alieleza njia hiyohiyo ya damu ndani ya kitabu cha teolojia, kwa sababu alitaka kuonyesha jinsi uhai utokao kwa Mungu unavyoingia mwilini na pumzi. Alichomwa moto Geneva tarehe 27 Oktoba 1553 kwa kuukana Utatu na ubatizo wa watoto. Habari ya damu haikumponza wala haikumwokoa. Vimishipa vyenyewe, ambamo hewa na damu hukutania, vilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1661, pale Marcello Malpighi alipotazama pafu la chura kwa hadubini.

Mtu anapopumzika, damu inayopita mapafuni ni lita 5 hivi kwa dakika. Akibeba mzigo mlimani, kiasi hicho huongezeka mara tatu au zaidi. Mapafu mazima hayahangaiki na gharika hiyo, kwa kuwa yana akiba: maelfu kwa maelfu ya vimishipa vilivyokuwa vimelala hufunguka, vilivyokuwa wazi hutanuka, na shinikizo hupanda kidogo tu. Shinikizo la damu ndani ya mapafu kwa kawaida ni karibu sehemu moja ya sita ya lile la mwilini kwingine, na upande wa kulia wa moyo, unaosukuma damu huko, una kuta nyembamba zinazolingana na kazi hiyo nyepesi. Moyo huo haukuumbwa kwa kusukuma dhidi ya mlango uliofungwa.

Ugonjwa sugu hula akiba hiyo kwa njia kadhaa. Pale vifuko vya hewa vinapobomoka, vimishipa vilivyovizunguka hubomoka navyo. Kovu la kifua kikuu hufunga hewa na damu pamoja. Halafu iko tabia ya mishipa ya mapafu yenyewe, iliyoelezwa mwaka 1946 na Ulf von Euler na Göran Liljestrand wa Uswidi: sehemu ya pafu isipopata hewa ya kutosha, mishipa yake hujikaza na kuipeleka damu kwingine. Kwa nimonia ya upande mmoja huo ni mpango mzuri. Kwa mgonjwa ambaye pafu lote lina upungufu, hakuna kwingine. Mishipa hujikaza kila mahali, shinikizo hupanda, kuta zake hunenepa miaka ikipita, na chumba cha kulia cha moyo hutanuka mpaka kushindwa. Ndipo miguu inapovimba na mishipa ya shingo kusimama. Mwinuko nao unachangia. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Ngara hupita mita 1,500, ambako kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa asilimia 15 au zaidi kuliko Tanga. Mzima aliyezaliwa huko hajui habari hiyo. Mgonjwa anaijua bila kuambiwa.

Si hivyo tu. Hewa na damu zikikosana mahali, hewa nyingine hufika pasipo na damu, damu nyingine hupita pasipo na hewa, na mtu huhema kwa wingi huku akivuna kidogo. Akiharakisha kupumua, hewa ya zamani haipati muda wa kutoka. Kifua hujaa, kikaubana moyo, na damu inayorudi kutoka mwilini ikapungua. Misuli ya kupumulia, inayofanya kazi kupita kawaida yake, huchukua sehemu kubwa ya damu ambayo miguu inaisubiri. Na miguu yenyewe, kwa mtu aliyepunguza kutembea kwa miaka, imepoteza vimishipa na nguvu ya kutumia oksijeni, hivyo huuma na kuwa mizito mapema. Mgonjwa anaposema kwamba ni miguu iliyomsimamisha wala si kifua, watu humcheka, kana kwamba amesahau uongo aliokuwa ameupanga. Anasema kweli.

Kutokana na hayo linatoka jambo moja lenye uzito kwa swali la hukumu: upungufu huu haupo mpaka udaiwe. Mgonjwa aliyekaa hadanganyi kwa kuonekana mzima, maana kwa kadiri ya lita 5 kwa dakika yeye ni mzima. Kipimo cha kupuliza kwenye spirometa, kinachofanywa mtu ameketi, huonyesha njia za hewa na kunyamaza kuhusu damu. Ndiyo maana tiba ilitafuta kipimo cha mwendo. Kilicho rahisi kuliko vyote kinahitaji korido ya mita 30, koni mbili na saa. Mtu anaambiwa atembee kadiri awezavyo kwa dakika 6. Akichoka anaruhusiwa kuegemea ukuta, saa haisimamishwi. Mwisho mita zinahesabiwa. Oksimita kidoleni, inayosoma asilimia ya oksijeni katika damu, inaweza kuanza kwenye 94 na kushuka chini ya 88 kabla ya dakika ya tatu. Hospitali za misheni za wilaya hizi, kama Murgwanza ya Kanisa Anglikana na Rulenge ya Kanisa Katoliki, hazihitaji mashine mpya kwa kazi hiyo. Zinahitaji dakika 6 na mtu wa kuhesabu.

Kosa la anayemwita mgonjwa mvivu, basi, ni kosa la elimu kabla ya kuwa kosa la huruma. Amepima mahali ambapo kinachopimwa hakipo. Rafiki zake Ayubu walifanya hivyo kwa upande wa dhambi: walitazama kwa nje, wakatoa sababu ya ndani, na Mungu hakupendezwa nao. Kosa hilo lina pacha wake, na huyo hukutwa zaidi kwenye mikutano ya maombezi. Mgonjwa anaitwa mbele, anaombewa, anaamriwa atembee kwa imani. Anatembea kutoka benchi hadi madhabahuni na kurudi, hatua 20 za tambarare, na umati unashangilia. Hatua 20 zilikuwamo ndani ya uwezo wake hata kabla ya maombi. Jumatatu anakutana na kilima, kilima kinamshinda, na safari hii analaumiwa kwa upungufu wa imani pamoja na ule wa bidii. Hapa haisemwi kwamba Mungu haponyi. Linalosemwa ni kwamba ushahidi wa hatua 20 hauthibitishi chochote, si uponyaji wala uvivu.

Mapokeo ya dini yenyewe yana hekima kubwa kuliko hiyo. Katika Uislamu msingi wake ni kisa cha Imran bin Huswain, sahaba aliyekuwa na maradhi, ambaye katika mapokeo ya Bukhari anamuuliza Mtume kuhusu swala. Jibu alilopewa ni la ngazi: asimame, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Wanazuoni wa Kishafii waliendeleza ngazi hiyo hadi chini kabisa, kwenye ishara ya kichwa, kisha ya macho, kisha kuipitisha swala moyoni. Kusimama ni nguzo ya swala ya faradhi kwa anayeweza, lakini hawakungoja mtu aanguke ndipo aitwe asiyeweza. Taabu kubwa inayomwondolea utulivu wa ibada ilitosha. Kwa mtu wa mapafu, ambaye kuinuka kutoka sijida kunaweza kumkata pumzi kuliko kutembea, maelezo hayo yanaingia barabara. Kuhusu saumu, mgonjwa asiyetarajiwa kupona hutoa fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku. Wanazuoni wa sasa wanatofautiana kama dawa ya kuvuta kwa mdomo inamfunguza aliyefunga au la, na tofauti hiyo si ndogo kwa mtu anayeihitaji mara nne kutwa.

Upande wa Wakatoliki, ambao ni wengi katika wilaya hizi, sheria ya Kanisa inawafunga kufunga wale wenye umri kuanzia miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wa 60, na hakuna anayemdai mgonjwa. Hata ile saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo inaondolewa kwa wazee, wagonjwa na wanaowauguza, na hao wa mwisho ni nyongeza ya mtu aliyewahi kukesha na mgonjwa. Ugumu hauko kwenye kanuni zilizoandikwa. Uko kwenye zile ambazo hazijaandikwa: Njia ya Msalaba ya Kwaresima yenye vituo 14, kila kimoja na kupiga magoti kwake, mara nyingine ikipandishwa kilimani, kwenda mazishini kwa miguu, zamu ya kufagia kigango. Asiyefika mazishini hahesabiwi kuwa amesamehewa na sheria. Anahesabiwa.

Ngazi ya Imran inafundisha jambo ambalo msamaha wa jumla hauwezi kulifundisha. Wanafikihi wana kanuni kwamba linalowezekana halianguki kwa sababu ya lisilowezekana. Asiyeweza kusimama hajasamehewa swala, amesamehewa kusimama. Uwezo kwao ni kiasi, na wajibu unaufuata ukipanda na kushuka. Tiba ya leo ilifika hapohapo kwa njia yake, na kwa kuchelewa. Kwa muda mrefu madaktari walimwamuru mgonjwa wa mapafu apumzike, wakidhani wanamhurumia. Mapumziko yakawa sehemu ya ugonjwa. Asiyetembea hupoteza misuli na vimishipa vya miguu; akitembea tena huchoka mapema zaidi; akichoka hupumzika zaidi. Familia inayomwambia mama aketi, asishike hata ufagio, inaweza kumzeesha haraka kuliko ile inayomlaumu. Ni vigumu kulisema hili mbele ya watoto wenye mapenzi na mzazi wao, lakini ndivyo lilivyo.

Mazoezi ya kurejesha nguvu huanza chini ya kiwango cha kushindwa na kupanda taratibu: kutembea mpaka pumzi iwe fupi, kusimama, kutembea tena, kuketi na kusimama kwenye kiti, kunyanyua chupa za maji. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, mpango wa wiki 6, mara mbili kwa wiki, ulijaribiwa kwa watu walioachiwa mapafu mabovu na kifua kikuu, na matokeo kuchapishwa 2017: walitembea mbali zaidi kuliko mwanzo na kuishi na dalili chache. Kinachopaswa kumvutia mwanafalsafa ni kwamba mazoezi ya aina hii kwa kawaida hayabadilishi kipimo cha mapafu. Pafu hubaki lilivyokuwa, na mtu huweza zaidi. Mabadiliko yako kwenye miguu, kwenye moyo, na kwenye hofu, maana aliyewahi kukosa hewa peke yake njiani huogopa njia hiyo. Ugonjwa na uwezo si kitu kimoja, na anayesoma cheti cha ugonjwa hajasoma uwezo wa mtu.

Ngazi ina mwisho wake wa chini, na kuusahau ni hatari. Mgonjwa anayezimia akijitahidi, anayeumwa kifua akipanda, au ambaye miguu imevimba kwa kushindwa kwa upande wa kulia wa moyo, hapaswi kuhimizwa na mtu yeyote kabla ya kuonwa na daktari. Shinikizo la mapafu likiwa kubwa mno, moyo hauwezi kuongeza damu hata kidogo, na kumsukuma mtu huyo ni kumsukuma dhidi ya ukuta.

Linabaki swali la shahidi. Fikihi inakubali mashahidi wawili: mgonjwa mwenyewe, kwa uzoefu wa mwili wake, na tabibu mwaminifu. Katika maisha ya kijiji shahidi wa tatu hujipenyeza, naye ni jirani, ambaye hana kipimo wala hana mwili huo. Hoja ya kumkatalia mgonjwa asiwe shahidi wa nafsi yake ni kwamba ana maslahi. Mvivu naye atasema amechoka. Hoja hiyo ina nguvu, na wako wanaojisingizia. Lakini tiba, baada ya kutengeneza vyombo vya kila aina, ilijikuta ikirudi kumuuliza mgonjwa. Mwanasaikolojia wa Uswidi Gunnar Borg alitunga kipimo cha kuanzia 0 hadi 10, ambacho kwacho mtu husema mwenyewe pumzi yake imebana kiasi gani, na namba hiyo huandikwa kwenye fomu kando ya namba za mashine. Mazoezi hupangwa kwa kuifuata. Kama chumba cha vipimo kinaiamini kauli ya mgonjwa kiasi hicho, kamati ya kijiji inayopanga zamu za kuchimba msingi wa zahanati haina sababu ya kuwa na shaka kuliko chumba hicho. Inaweza kumpa kazi ya kuandika majina ya waliofika.

Wajibu ulioshindikana kwa mmoja haupotei hewani; sehemu yake huhamia kwa wengine. Hija ya asiyeweza kabisa kusafiri huhijiwa na mwingine kwa niaba yake. Maji ya mama asiyeweza kupanda hutekwa na mtu mwingine, na desturi za ujirani za Wahangaza na Washubi hazina tatizo na hilo pindi ugonjwa ukishakubaliwa kuwa ugonjwa. Iko sehemu inayohamia kwa wenye madaraka pia. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya kaya ifikapo 2034. Hilo linahusu mapafu ya watakaopika kesho. Kwa ambao mapafu yao yameshaharibika, na oksijeni ya damu iko chini hata wakiwa wamekaa, utafiti wa Uingereza wa mwaka 1981 ulionyesha kwamba oksijeni ya saa 15 au zaidi kwa siku hurefusha maisha. Mashine inayoichuja kutoka hewani hula umeme pungufu ya pasi ya nguo. Mtambo wa Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda, unazalisha megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na mgonjwa wa vilima vya jirani anayehitaji oksijeni hiyo kwa kawaida huipata akiwa wodini, mpaka siku anayoruhusiwa kwenda nyumbani.